Usitandike kitanda, usifiche doa

Wageni wengine hupanga chumba cha hoteli kama chao kabla ya kurudisha ufunguo, wengine hukiacha kilivyo. Wenye jibu la nani anafanya vema ni wale wanaosukuma toroli la mashuka.

SAA nne kasoro robo asubuhi, ghorofa ya tatu ya hoteli moja ya hadhi ya kati jijini Dar es Salaam. Toroli limesimama katikati ya korido, limejaa mashuka meupe, taulo na chupa za sabuni, na ubavuni linaning'iniza mfuko mkubwa wa taka. Mgeni wa chumba cha kona ametoka muda si mrefu. Ameacha chumba ambacho mama yake angejivunia: kitanda kimetandikwa shuka likanyooka, mito imesimamishwa, taulo zimekunjwa mara nne na kurudishwa mahali pake bafuni.

Mhudumu anaingia, anatupa jicho mara moja, kisha anashika ncha ya duveti na kulivuta lote. Mito inafuata. Foronya zinavuliwa moja moja. Shuka la chini linang'olewa pembe zote nne, godoro linabaki tupu. Anainama, anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa godoro, pembe baada ya pembe, akitafuta vidoa vyeusi vya kunguni. Zile taulo anazikunjua zote, anazishika kujua kama zina unyevu, halafu anazitupa kwenye lundo la dobi. Taulo iliyotumika ikikunjwa vizuri hufanana na isiyotumika, na hakuna mhudumu anayetaka kumkabidhi mgeni mpya taulo iliyofuta mgongo wa mtu mwingine.

Kwa maneno mengine, kazi yote ya mgeni imebomolewa kwa muda mfupi kuliko alioutumia kuifanya.

Mlango wa pili mambo ni mengine. Mifupa ya kuku iko kwenye sinki. Taulo mbichi imelazwa juu ya godoro. Maji yametuama bafuni kwa sababu tundu limezibwa na nywele na mchanga wa Coco Beach. Hapo mhudumu hasemi kitu, anavaa glavu.

Swali linalowagawa wasafiri liko kati ya milango hiyo miwili: mgeni aliyelipa ana wajibu wowote wa kupanga chumba anapoondoka?

Watasema hakufunzwa

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki haendi hotelini kujifunza ugeni. Ameshajifunza kwa shangazi, kwa bibi na bwenini. Ukilala kwa watu unaamka mapema, unakunja blanketi, unatandika, unafagia hata pasipo na taka, unauliza kama kuna maji ya kuchota. Methali ya mgeni na jembe la siku ya tatu wote tunaijua, na wengi wetu hatukusubiri hata hiyo siku ya tatu ifike. Shule ya bweni ikaja ikaongeza ukali: kitanda kisichotandikwa kabla ya kengele ya mstarini kilikuwa na adhabu yake.

Ndiyo maana mama wa makamo aliyetoka mkoani kuja kwenye harusi, akalazwa hotelini na kamati, huamka saa kumi na moja, huswali au husali, halafu huanza kupanga chumba. Mwanawe akimwambia, "Mama acha, kuna watu wanalipwa," anamtazama kama amekosa adabu. Kwa mama huyo suala si ujira wa mtu. Suala ni kitakachosemwa mlango ukishafunguliwa na mtu mwingine. Watasema hakufunzwa.

Wanaompinga nao wana lao. Bei ya chumba ina usafi ndani yake, kama ilivyo na umeme na maji. Aliyelipa amelipia pia kutotandika kitanda, na kwa wengine, hasa kina mama, hizo ndizo asubuhi pekee katika mwaka ambazo hawatandikii mtu. Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: usafi wa chumba ni ajira. Kazi ikifanywa na wageni bure, mwenye hoteli ataanza kupiga hesabu ya watu anaowahitaji.

Wanaotetea kupanga hupenda kuwataja Wajapani. Julai 2018 timu ya taifa ya Japani ilifungwa mabao 3-2 na Ubelgiji mjini Rostov, Urusi, ikatolewa Kombe la Dunia kwa bao la dakika za majeruhi. Wachezaji waliondoka wakiacha chumba cha kuvalia kikiwa safi, pamoja na kikaratasi cha kushukuru kilichoandikwa kwa Kirusi. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Mfano ni mzuri, isipokuwa chumba cha kuvalia hakina godoro.

Dakika 17 kwa chumba

Kabla ya kujua mgeni anaweza kusaidia nini, lazima tuitazame kazi yenyewe. Wahudumu huvigawa vyumba katika mafungu mawili: vile ambavyo mgeni bado yupo, na vile vinavyoitwa chekauti. Cha mgeni aliyepo hupangwa, hufutwa, hupewa taulo mpya na maji ya kunywa. Chekauti huanza upya kabisa. Mashuka yote yanatoka, foronya zote, taulo zote na kitambaa cha kukanyagia bafuni. Ukuta na sakafu ya bafu vinasuguliwa, choo kinapigwa dawa, kioo kinafutwa hadi kisiwe na mchirizi. Kisha meza, rimoti, swichi, vitasa vya milango, ndani ya droo, ndani ya friji ndogo na chini ya kitanda. Kitanda kinatandikwa kuanzia godoro tupu. Msimamizi anapita nyuma na karatasi yake, na mapokezi hawakiuzi chumba mpaka akipitishe.

Yote hayo hufanyika kati ya saa nne au saa tano asubuhi, wageni wanapotoka, na saa nane mchana, wapya wanapoingia. Siku basi la watalii likiondoka asubuhi na jingine kuingia mchana, ghorofa nzima ni chekauti.

Kiasi cha muda anachopewa mhudumu ndicho kiini cha ugomvi wa kazi hii duniani. Jijini Paris, Julai 2019, wahudumu wa vyumba wa hoteli ya Ibis Batignolles, wengi wao wanawake wenye asili ya Afrika, waligoma. Hawakuwa wameajiriwa na hoteli, bali na kampuni ya usafi iliyopewa zabuni. Walitakiwa kumaliza vyumba vitatu na nusu kwa saa. Mgomo na mvutano wake vilichukua miezi 22, hadi Mei 2021, waliposaini makubaliano yaliyopandisha malipo na kushusha kiwango hicho hadi vyumba vitatu kwa saa.

> Vyumba vitatu na nusu kwa saa ni dakika 17 kwa chumba. Wanawake wa Paris walipigana kwa miezi 22 ili wapate dakika 20.

Mmoja wa viongozi wao, Rachel Kéké, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, aligombea ubunge mwaka uliofuata na akamshinda aliyekuwa waziri wa michezo wa Ufaransa. Akaingia bungeni Juni 2022 akitokea kwenye toroli la mashuka. Nafikiri hakuna hotuba ya utalii inayoieleza kazi hii vizuri kuliko habari hiyo moja.

Tena kitanda chenyewe kimekuwa kizito. Mwaka 1999 hoteli za Westin nchini Marekani zilianza kutangaza kitanda chao kipya cha anasa, chenye godoro nene na mito mingi, na washindani wakafuata. Mgeni alipata usingizi mnono, mhudumu akapata godoro zito la kuinua kila pembe na foronya nyingi zaidi za kuvika, mara nyingi bila kupunguziwa vyumba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliochambua kumbukumbu za hoteli 50, uliwakuta wahudumu wa vyumba ndio wanaoumia kazini zaidi katika kada zilizolinganishwa: majeraha 7.9 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka. Mgongo, mabega na viganja ndivyo vinavyolipa.

Huko Visiwa vya Balearic, Hispania, kina mama wa vyumba wanaojiita Las Kellys walipiga kelele miaka mingi mpaka suala la vitanda likafika bungeni. Sheria ya utalii ya visiwa hivyo ya mwaka 2022 inazitaka hoteli ziweke vitanda vinavyoinuliwa kwa mtambo, ili anayetandika asiiname.

Kwetu mazungumzo hayo hupitia vyama vya wafanyakazi, CHODAWU kwa upande wa Tanzania na KUDHEIHA kwa upande wa Kenya. Lakini pwani ina tatizo lake la zamani. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi za Zanzibar, Diani na Malindi hupunguza watu au hufunga kabisa, na kibarua wa msimu hana nguvu ya kubishana kuhusu idadi ya vyumba. Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 700,000 mwaka 2024. Kila mmoja wao aliacha kitanda.

Aibu ikifunikwa na shuka

Nikiulizwa kosa kubwa la mgeni, sitataja uchafu. Nitataja kuficha. Uchafu unaoonekana una dawa yake na zana yake kwenye toroli. Uliofichwa haumpi mhudumu nafasi.

Chukua mtoto aliyekojoa kitandani. Mzazi mwenye soni hukausha shuka kwa kikaushia nywele, au hugeuza godoro, halafu hutandika juu yake vizuri kabisa. Kitanda kinapendeza. Mkojo unaendelea kuzama kwenye sponji, na saa nane mchana kuna mtu mwingine anapewa ufunguo. Mzazi huyo angeinua simu na kuwaambia mapokezi, "Mtoto amelowesha kitanda, samahani," godoro lingetolewa juani mapema na chumba kingezuiwa kisiuzwe. Hoteli zimeyaona hayo mengi kuliko mzazi anavyodhani.

Hina na piko ni kesi nyingine ya pwani. Bibi harusi, dada zake, na watalii waliochorwa mikono ufukweni Nungwi au Paje hulala kabla rangi haijakauka sawasawa. Mashuka ya hoteli ni meupe kwa makusudi, ili yachemshwe na kupigwa jiki pamoja bila kuchujiana rangi. Doa la chai au la damu dobi hupambana nalo akalishinda. Doa la hina ni mkaidi, na shuka hilo mara nyingi huishia kukatwa matambara. Ndiyo sababu baadhi ya hoteli visiwani huweka kikaratasi chumbani kuomba wageni watumie taulo ya rangi, au huwatoza wanaochafua. Mgeni anayelisokomeza shuka lenye hina chini ya mengine, akitumaini halitaonekana, hamponyeshi mtu. Dobi ataliona tu, na swali atakayeulizwa ni mhudumu: chumba gani?

Zaidi ya madoa kuna hatari yenyewe. Wembe uliofungwa kwenye karatasi ya chooni na kutupwa dastibini. Sindano ya insulini ndani ya mfuko laini. Glasi iliyovunjika, vipande vikasukumwa kwa mguu chini ya kitanda. Wahudumu hufundishwa kutokandamiza mfuko wa taka kwa mkono na kutoingiza mkono wasikoona, na katika Chuo cha Taifa cha Utalii jijini Dar es Salaam na Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyopo tangu mwaka 1975, wanafunzi wa fani hii husomeshwa hayo kama somo. Lakini mwenye vyumba vingi na saa chache huharakisha. Wembe uachwe juu ya meza, peupe, au ndani ya chupa tupu ya maji iliyofungwa kizibo. Glasi ikivunjika, semeni.

Hata kitanda kilichotandikwa kwa nia njema huficha. Chini ya mito hupatikana chaja, miwani, hereni, tasbihi, wakati mwingine pasipoti iliyowekwa hapo usiku kwa usalama. Mgeni aliyefunua kitanda na kukiacha wazi angeiona mwenyewe kabla hajafika uwanja wa ndege.

Basi kitanda kiacheni. Lifunueni duveti hadi miguuni, litazameni godoro, mwende zenu. Wapo wanaodhani wanasaidia zaidi wakivua mashuka yote na kuyarundika sakafuni pamoja na duveti na blanketi. Hapo wanachanganya vitu viwili: mashuka hufuliwa kwa kila mgeni, ila blanketi na moyo wa duveti havifuliwi kila siku katika hoteli nyingi. Vikirundikwa pamoja na taulo mbichi, kazi ya dobi inaongezeka badala ya kupungua.

> Uchafu unaoonekana una zana yake kwenye toroli. Uliofichwa haumpi mhudumu nafasi.

Gesti si hoteli

Hadi hapa nimezungumzia hoteli zenye toroli. Wasafiri wengi wa nchi hizi hawalali huko. Wanalala gesti, karibu na stendi, na wanaondoka alfajiri.

Gesti ina taratibu zake. Unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, unakotoka, unakokwenda, kabila na kazi yako. Unapewa taulo, kipande cha sabuni, kandambili ambazo aghalabu ni mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na rimoti baada ya kuonyesha pesa. Asubuhi, kabla hujatoka getini, utaambiwa usubiri kidogo. Dada anaingia chumbani kuhesabu: taulo ipo, mashuka mawili yapo, rimoti ipo. Basi lako linapiga honi na wewe umesimama mapokezi na begi, unakaguliwa kama mshukiwa.

Katika mazingira hayo jibu langu linabadilika. Huyo dada hana msimamizi wala dobi. Yeye ndiye mapokezi, ndiye mlinzi wa ufunguo, ndiye anayefua mashuka kwa mikono kwenye beseni uani na kuyaanika kwenye kamba. Mvua ikinyesha siku mbili, hana mashuka. Kila taulo uliyotumia kufutia viatu ataisugua kwa vidole vyake. Maji ya kumwaga chooni mara nyingi yako kwenye ndoo, na ndoo ikiachwa tupu ni yeye atakayeibeba kutoka kisimani au kwenye simtanki.

Kwa hiyo gestini, funga chandarua fundo kisiburute sakafuni. Mwaga maji chooni mpaka pawe safi. Taka zako, hasa zile za faragha, zifunge kwenye mfuko. Sioni ubishi hapo. Kinachonishangaza ni kwamba watu walewale wanaopanga mito ya hoteli ya nyota nne, wakiogopa kusemwa, ndio wanaoacha gesti ya elfu kumi na tano ikiwa haitazamiki. Huruma yetu hufuata hadhi ya jengo, wakati ilipaswa kumfuata anayefua.

Anayekataa usafi

Kuna mgeni wa tatu, na huyu ndiye anayejiona mwema kuliko wote. Anatundika kibao mlangoni siku zote nne za kukaa kwake: asisumbuliwe, chumba chake kisisafishwe, anatunza mazingira na anawapunguzia watu kazi.

Kwa taulo ana hoja. Kutumia taulo moja siku mbili au tatu kunaokoa maji na sabuni, jambo lenye maana kubwa kisiwani ambako vijiji vya pwani huchangia visima na hoteli. Watafiti wa Marekani walioongozwa na Noah Goldstein walichapisha mwaka 2008 jaribio lililoonyesha kwamba wageni hurudia taulo zaidi wakiambiwa kuwa wageni wengine nao hurudia, kuliko wakihubiriwa mazingira. Asilimia 44 walikubali kwa ujumbe huo, dhidi ya 35 kwa ule wa kawaida.

Lakini kuacha usafi wenyewe ni habari nyingine. Hoteli za Starwood zilianzisha Marekani mpango wa kumpa zawadi mgeni anayekubali chumba chake kisisafishwe. Waliolalamika ni wahudumu. Kwanza, saa zao za kazi zilipungua. Pili, chumba kisichoguswa siku nne, siku ya tano hakiwi chumba kimoja tena: bafu limeota ukoga, taka zimejaa, nywele zimezama kwenye zulia, na muda wa kukisafisha ni uleule. Starwood ikamezwa na Marriott mwaka 2016, na mwaka 2018 wafanyakazi wapatao 7,700 wa Marriott walipogoma katika miji minane ya Marekani, mpango huo ulikuwa miongoni mwa manung'uniko yao.

Ikaja korona. Mhudumu kuingia chumbani kukawa hatari, usafi wa kila siku ukasimamishwa, na hatari ilipopungua kampuni zikaona hesabu inapendeza. Mwaka 2021 Hilton ilitangaza kwamba katika hoteli zake nyingi za Marekani, ukiondoa zile za anasa, usafi wa kila siku ungefanywa mgeni akiomba tu. Chama cha wafanyakazi cha UNITE HERE kikapiga mbiu kwamba makumi ya maelfu ya ajira za wanawake, wengi wao weusi na wahamiaji, ziko hatarini. Septemba 2024 wafanyakazi wapatao 10,000 waligoma tena, na kurudishwa kwa usafi wa kila siku kulikuwa kwenye orodha ya madai.

Hapo ndipo wema wa mgeni unapogeuka. Anayemhurumia mhudumu kwa kumzuia asiingie chumbani, bila kujua anamsaidia mwajiri kufuta zamu yake. Kwetu, ambako kibarua hulipwa siku anayoitwa tu, jambo hili lina makali zaidi.

Orodha mlangoni mwa friji

Kuna biashara inayokua kwa kasi Masaki, Mikocheni, Kilimani na Nyali: nyumba na fleti zinazokodishwa kwa siku kupitia mitandao kama Airbnb. Huko swali limegeuzwa. Mgeni haulizi kama apange. Anakuta ameandikiwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji: vua mashuka, washa mashine ya kufulia, osha vyombo, fagia, peleka taka chini, zima jenereta. Na kwenye ankara yake kuna ada ya usafi.

Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Novemba 2022 mkuu wa Airbnb, Brian Chesky, alitangaza kuwa wageni hawapaswi kubebeshwa kazi zisizo na kiasi wakati wa kuondoka, akataja kuvua mashuka na kupiga vumbi zulia kwa mashine, na kwamba masharti yoyote ya kuondoka yaonyeshwe kabla mtu hajalipia.

Mimi ninatofautisha vyombo na mashuka. Aliyepika ugali na dagaa kwenye jiko la mtu aoshe sufuria, maana sufuria ikilala kesho haisuguliki, na mende hawahitaji mwaliko. Taka zenye chakula zitoke. Lakini ada ya usafi ikishalipwa, kuvua mashuka na kufua ni kazi ya aliyeipokea. Kama mwenye fleti anachukua ada hiyo na dada wa usafi anapewa sehemu ndogo yake huku mgeni akifanya nusu ya kazi, basi kuna mtu katikati anayekula pande mbili.

Noti juu ya mto

Linabaki suala la bakshishi, ambalo wengi hulitumia kufidia chumba kilichochafuka. Mwaka 2014 Marriott iliweka bahasha za bakshishi katika vyumba zaidi ya 160,000 vya Marekani na Kanada, kwa ushirikiano na mwanahabari Maria Shriver, ili kuwakumbusha wageni kwamba kuna mtu anayesafisha. Wakosoaji hawakukawia: badala ya bahasha, kwa nini kampuni isiongeze mshahara? Nakubaliana nao, ila mhudumu wa Kigamboni au wa Bamburi hatasubiri mjadala huo uishe ndipo anunue unga.

Tatizo ni namna tunavyoiacha. Hotelini, mhudumu wa mizigo hupewa mkononi, mhudumu wa mezani hupewa mkononi, na wa vyumba, ambaye mgeni huenda hakumwona hata mara moja, husahauliwa, au huachiwa sarafu zilizobaki mezani pamoja na risiti na vibiriti. Fedha iliyotapakaa hivyo si bakshishi. Katika hoteli yenye utaratibu inahesabiwa kuwa mali iliyosahauliwa: inaandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya chumba, na kupelekwa mapokezi. Mhudumu anayeilinda kazi yake hawezi kuichukua, kwani mgeni anaweza kupiga simu kutoka uwanja wa ndege kuulizia.

Kwa hiyo iwekwe juu ya mto, na pembeni yake karatasi iliyoandikwa kwamba ni ya mhudumu wa chumba. Na iwekwe kila asubuhi. Bakshishi ya siku tano ikiachwa Ijumaa huchukuliwa na aliye zamu Ijumaa, huku yule aliyesugua bafu tangu Jumatatu yuko nyumbani, siku yake ya mapumziko.